Malalamiko kuhusu pakiti zenu za vitafunio vya mbwa

Yadi ya Mbao,
Mafinga, Iringa.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vyakula vya Mbwa na Paka,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA KWATO NA NGOZI KWA JINA LA VITAFUNIO ASILIA NA SALAMA VYA MBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Mafinga, mwenye yadi ya mbao pembeni mwa barabara kuu iendayo Mbeya. Yadi inalindwa na mlinzi mmoja na mbwa watatu. Usiku mbwa wako kazini, mchana wanafungiwa bandani, na mbwa mwenye nguvu akishinda bandani lazima atafute cha kutafuna. Kwa wenzangu wa mjini huliwa viatu. Kwangu huliwa mbao, na nguzo ninazouza zimepitishwa kwenye dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki ili mchwa asiziguse. Dawa ya namna hiyo sitaki ikae mdomoni mwa mbwa wangu. Ndiyo maana nilinunua pakiti zenu kwa wakala wenu wa Iringa mjini. Naeleza hili mapema kwa sababu kijana wenu wa simu aliniuliza, huku akicheka, kama siku hizi Mufindi mbwa nao wanakula vitafunio.

Mbele ya pakiti mmeandika kwa herufi kubwa: asilia asilimia 100, salama, inadumu muda mrefu, kwa mbwa wa kila umri na kila ukubwa. Picha ni ya uume wa ng'ombe dume uliokaushwa, ile fimbo ya kahawia ambayo wafugaji wengi wa mbwa wanaijua. Hicho ndicho nilichokitaka. Ni nyama tupu isiyo na mfupa, mate yanailainisha taratibu, na vipande vidogo anavyomeza mbwa vinasagika tumboni. Nyuma ya pakiti hakuna orodha ya kilichomo, hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi, hakuna jina la kiwanda wala nchi ilikotoka. Bei tu ndiyo iliyochapwa vizuri.

Nilipofungua nilikuta fimbo chache kama za pichani, na zilizobaki zote zilikuwa kwato, vipande vya pembe, mifupa iliyokaushwa, na ngozi nyeupe iliyoviringishwa na kufungwa mafundo.

Nianze na kwato. Asubuhi za baridi za hapa kwetu watu hunywa supu ya makongoro, na mama ntilie yeyote atakwambia kwamba kwato hung'olewa kabla mguu haujaingia sufuriani. Hakuna anayezitafuna. Jike langu kubwa, chotara wa German Shepherd, alizitafuna kwa kuwa ninyi mmesema ni salama. Gego lake kubwa la juu likapasuka ubavuni na kipande kikabanduka hadi kiini cha jino kikawa wazi. Akaanza kutafuna upande mmoja, halafu akaacha kabisa kula ugali mkavu, na akawa anamuungurumia mlinzi akimshika shavu. Daktari wa mifugo aliyemfungua mdomo hakushangaa. Alisema hilo ndilo jino linalovunjika sana kwa mbwa wanaopewa vitu vigumu, kwa sababu ndilo wanalokatia, na kitu kigumu hukibana hapo hapo. Ililazimu apigwe nusukaputi jino ling'olewe. Kwa mbwa mzima, jino likitoka halirudi.

Daktari huyo alinionyesha kipimo ambacho wafungashaji wenu wangeweza kukifanya bila maabara. Kandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye kitu chenyewe. Ukiacha alama, meno ya mbwa yatakiweza. Usipoacha alama, kiweke kando. Wengine hukipiga kwenye goti lao wenyewe: kama kinauma kiasi kwamba hutaki kurudia, usimpe mbwa. Nilizijaribu kwato na pembe zenu zote na ukucha wangu haukuacha hata mchubuko. Fimbo za uume ziliacha alama. Kwa hiyo ndani ya pakiti moja mmechanganya kitu kizuri na kitu cha kuvunja meno, na mnunuzi hawezi kujua kipi ni kipi mpaka alipie.

Hapa ndipo kiini cha malalamiko yangu. Mnauza ugumu kwa jina la kudumu. Jiwe nalo linadumu. Kitafunio cha mbwa kinatakiwa kidumu kwa sababu kinanyumbulika na kumrudia mdomoni, anakisugua, anakigeuza, kinapungua kidogo kidogo bila kumeguka. Hilo linatokana na unene wake na kukaushwa kwake vizuri. Kwa mbwa mzito mnatakiwa kutoa fimbo nene, ndefu kuliko upana wa mdomo wake, asiweze kuibugia yote. Kwa mbwa mdogo, nyembamba. Na kwa mtoto wa mbwa ambaye bado ana meno yake 28 ya utoto, laini zaidi ya hapo. Mkiandika "kila umri na kila ukubwa" mnamwambia mteja kwamba hamkufikiria mbwa yeyote.

Sasa ngozi. Dume langu dogo lilitafuna fundo moja mpaka likabaki tonge, kisha likalimeza zima. Alikohoa, akatapika povu, akakataa maji. Daktari alitwambia wazi kwamba tonge hilo likikwama kwenye utumbo, safari ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, akapigwe picha na pengine akapasuliwe. Kutoka hapa hadi Morogoro, na mbwa mgonjwa nyuma ya gari, mkishuka mlima Kitonga, si safari ya kumtakia mtu. Kwa bahati alilitapika. Baada ya hapo nilichukua fundo jingine nikaliloweka kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi lilikuwa limevimba, limekuwa zito na telezi, na ukilivuta halikatiki. Hilo ndilo linaloingia tumboni mwa mbwa.

Na hiyo "asilia" yenu inatoka wapi? Nimekulia kwenye biashara ya ng'ombe, najua ngozi inavyotoka machinjioni. Ngozi ya kahawia yenye manyoya haiwi nyeupe kama karatasi kwa kuanikwa juani. Kwa kawaida huloweshwa kwenye chokaa ili manyoya yang'oke, hupasuliwa tabaka, husafishwa kwa haidrojeni peroksaidi iwe nyeupe, kisha huviringishwa na kukaushwa. Ndiyo, imetoka kwa ng'ombe. Hata viatu nilivyovaa nikiandika barua hii vimetoka kwa ng'ombe.

Nilipopiga simu kulalamikia mifupa, nilijibiwa kwamba babu zetu walilisha mbwa mifupa na hawakufa. Babu yangu alimtupia mbwa mfupa mbichi wa ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo hiyo. Hakumpa mfupa uliookwa hadi ukakauka na kufungwa kwenye nailoni, ambao ukibanwa unapasuka vipande vyenye ncha. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mifupa ya aina hiyo hasa, ile ya dukani iliyokaushwa au kufukizwa moshi, baada ya kupokea taarifa zipatazo 68 za mbwa waliougua, na takriban 15 kati yao walikufa. Kijana wenu angeweza kulisoma onyo hilo kabla ya kumtaja babu yangu.

Kuna jambo jingine ambalo linanigusa kuliko jino. Baadhi ya vipande vilikuwa na kuvu, kwa kuwa nailoni yenu haizibi hewa na huku kwetu mwezi wa sita jua huonekana kwa kubahatisha. Watoto wa mlinzi wangu ndio wanaowalisha mbwa, kwa mikono mitupu, kisha wanakwenda kula. Viungo vya mnyama visivyopitishwa kwenye joto la kutosha vinaweza kubeba bakteria wa Salmonella, wanaoharisha watu. Mwaka 2019 huko Marekani masikio ya nguruwe yanayouzwa kwa ajili ya mbwa yalihusishwa na wagonjwa 154 katika majimbo 34. Hao ni watu, si mbwa. Pakiti yenu haisemi kama bidhaa ilipitishwa kwenye joto, haisemi mtu anawe mikono, haisemi amwangalie mbwa wakati anatafuna wala amnyang'anye kipande kikibaki kidogo. Maneno hayo yasingewagharimu hata mstari mmoja wa wino.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa maandishi ili tusisemezane tena kwa simu, mnirudishie fedha za pakiti zote na mlipe gharama za daktari kama zilivyo kwenye risiti. Mziondoe kwa wakala wa Iringa pakiti za aina hii zilizobaki, na mumwambie kwa nini, maana yeye ni mfanyabiashara mwenzangu na hana kosa. Kwato na pembe mzitoe kabisa kwenye biashara ya mbwa. Kama ngozi mtaendelea kuiuza, iandikwe ngozi, ikae kwenye pakiti yake, na picha ya mbele iwe ya kilichomo ndani. Mbwa wa tatu, ambaye ni wa kienyeji na mwenye akili kuliko sisi sote, alinusa ile ngozi akaiacha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na pakiti yenye picha ya kitu kimoja na mzigo wa kitu kingine sidhani kama inahitaji mwanasheria kuifafanua. Nisipopata majibu yenu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nakala yake itakwenda Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania pamoja na vielelezo.

Nimeambatanisha risiti ya EFD, maelezo ya daktari, picha ya jino, na picha ya fundo la ngozi kabla na baada ya kulowekwa. Kwato zilizobaki nimezihifadhi kwenye mfuko ofisini. Mkizitaka nitawatumia kwa basi, nauli juu yenu, mradi zisirudi kwenye pakiti ya mtu mwingine.

Wenu,

Mteja,
Mafinga.