Kwa nini midoli yetu ni ghali kuliko ya "kule mtandaoni"

Ujumbe huu tunaupata kila mara: "Bata huyuhuyu yuko kwenye soko la mtandaoni kwa nusu ya bei yenu. Mnatuibia." Juzi mteja mmoja ameuweka hadharani na picha mbili, yetu na ya kule. Zinafanana, tunakubali. Zinafanana kwa sababu ile ya kule ni picha yetu. Ukingo wa meza yetu unaonekana pembeni.

Bei yetu imebeba kazi isiyoonekana kwenye picha. Kila shehena ikifika tunatoa mdoli mmoja na kuutesa: tunavuta macho, tunapinda mikono, tunauangusha. Kilichochomoka tunakitumbukiza kwenye kikopo cha kupimia chenye kipenyo cha milimita 31.7. Kikiingia chote ndani, maana yake kinaweza kumkaba mtoto koo, na hatumuuzii wa chini ya miaka 3, basi. Ripoti ya maabara tunaidai kwa mwagizaji na tunaisoma, maana tumewahi kuletewa ripoti safi kabisa ya kikaango. Namba ya bechi tunaiandika kwenye risiti, ili bidhaa ikitakiwa kurudishwa tujue tumpigie nani.

Mama mmoja alituletea bata wake wa nusu bei tumbadilishie betri. Mfuniko ulifunguka kwa ukucha, hauna skrubu hata moja. Ndani mna betri bapa ya mviringo, kama ya saa. Mtoto akiimeza ikamkwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, hata kama haijavuja: umeme wake unageuza unyevu wa mwilini kuwa kemikali kali kama kostiki ya kutengenezea sabuni. Tulikataa kuweka betri mpya, akanuna. Akauliza, mbona basi iliruhusiwa kuuzwa?

Hakuna aliyeiruhusu. Muuzaji aliandika "kwa miaka 14 na zaidi" chini kabisa ya maelezo ya kichezeo cha mtoto anayetambaa, akidhani amekwepa vipimo. Ukimrudia, duka limefungwa na limefunguliwa kwa jina jingine. Ukiwageukia wenye soko, wanakujibu kuwa wao wanakutanisha tu muuzaji na mnunuzi. Wanakutanisha, wanapokea malipo, mara nyingi wanatunza mzigo ghalani mwao, wanakata kamisheni. Sisi tukifanya hata nusu ya hayo tunaitwa wauzaji na tunashtakiwa.

Kisingizio hicho kimeanza kubanwa. Julai 2024 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliamua kwamba Amazon ni msambazaji kisheria wa bidhaa za wauzaji wengine zinazopitia maghala yake. Shauri lilihusu bidhaa zaidi ya 400,000, zikiwemo nguo za kulalia za watoto zisizokidhi viwango vya kuzuia moto. Amazon imepinga uamuzi huo mahakamani. Umoja wa Ulaya nao una sheria ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024: soko limtambue muuzaji kabla ya kumfungulia mlango, na likikiuka sheria linaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya awali ya uchunguzi wake dhidi ya soko la mtandaoni la Temu, baada ya ununuzi wa siri kukuta vichezeo vya watoto wachanga visivyofuata viwango. Faini hatuzishangilii. Tunataka kila anayeuza apimwe kwa kikopo kilekile.

La pili linalotuletea matusi ni umri. Visu vya kuchongea modeli na sumaku kali hatumkabidhi mtoto, na mpelekaji wetu ana amri ya kuomba kitambulisho mlangoni. Mzazi mmoja alimwachia mwanawe akaunti aagize mwenyewe. Mpelekaji akapokelewa na mtoto wa shule ya msingi, akarudi na mzigo. Mzazi alilipia usafiri mara mbili na kutuandikia kwamba tumemdhalilisha. Sasa, kwenye masoko makubwa njia hiyo ya mkato ni mbaya zaidi. Sheria ya Ulaya inakataza kumlenga mtoto kwa matangazo yanayotokana na taarifa zake binafsi, lakini anayetumia jina la baba yake anahesabiwa mtu mzima, na anaonyeshwa vya watu wazima.

Kama umeshanunua kule, piga picha ukurasa wa bidhaa, jina la muuzaji na namba ya oda kabla havijafutwa, halafu ripoti kwa soko lenyewe na kwa mamlaka ya viwango. Kukukagulia mfuniko wa betri ni bure. Kukuwekea betri kwenye mdoli usio na skrubu, hata ukilipa mara mbili, hapana.