Wenye maduka, ruhusuni hedifoni zijaribiwe kabla ya malipo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme na wanunuzi na wenye maduka ya simu hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kuhusu hedifoni ndogo za masikioni zisizo na waya, zile za bei kubwa zinazozima kelele. Lalamiko linaloletwa kwa mafundi ni lile lile: "Nimetoa laki kadhaa, mbona jenereta bado naisikia?" Mara nyingi kifaa ni kizima. Tatizo ni vimpira visivyokaa vizuri sikioni, na mnunuzi hakuruhusiwa kuvijaribu dukani.

Kila upande una maikrofoni inayosikiliza kelele ya nje na nyingine inayosikiliza kilichopenya hadi ndani ya sikio. Chipu hupima mawimbi hayo, kisha spika hutoa wimbi la kinyume chake, yakikutana yanafutana. Kazi hiyo hufanyika vizuri kwa mngurumo mzito unaokwenda mfululizo: injini za boti za Kibirizi, jenereta, behewa la treni, ndege ya mapangaboi. Sauti nyembamba na za ghafla, kama mtoto akilia au mpiga debe akiita abiria, haziwahiwi kwa njia hiyo. Hizo huzuiwa na kimpira chenyewe kwa kuziba tundu la sikio. Kwa hiyo kimpira kikiacha upenyo hata mdogo, unapoteza vyote viwili: sauti nyembamba zinaingia, mngurumo nao unarudi, na besi ya muziki inatoweka. Mtu anaongeza sauti akidhani spika ni dhaifu.

Ndiyo maana tunasema anza na kimpira, jina la kampuni lifuate. AirPods Pro za Apple za kizazi cha pili na Sony WF-1000XM5 zote huja na saizi nne ndani ya boksi, na watu wengi hawazigusi zile zilizobaki kwenye mfuko. Anza na saizi ya kati. Vuta sikio juu kidogo na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha zungusha taratibu mpaka kikae. Vile vya Sony ni vya sponji: vibonye kwanza kwa vidole, ingiza, halafu shikilia sekunde kadhaa vitanuke ndani. Ukiachia mapema vinajisukuma nje. Sasa guna "mmm" mdomo ukiwa umefungwa. Sauti yako ikivuma kichwani, tundu limezibika. Tafuna hewa, piga mwayo. Mngurumo ukirudi kila taya linapocheza, panda saizi moja; sikio likianza kuuma baada ya dakika kumi, shuka. Sikio la kushoto kutaka saizi tofauti na la kulia ni jambo la kawaida kabisa. Programu za Apple na Sony zina kipimo cha kukagua kama kimpira kimeziba, kitumieni, lakini taya linasema zaidi.

Jaribio la kuzima kelele lifanyike bila muziki. Omba bodaboda iliyowashwa isimame mlangoni, au simama karibu na feni. Washa, zima, washa tena. Kwenye kifaa cha kweli mngurumo unazama papo hapo, na maneno ya muuzaji yanabaki yakisikika kwa mbali. Kwenye bandia nyingi utasikia mlio wa kukuambia kazi imeanza, na pikipiki inaendelea kunguruma vile vile.

Bandia zimekuwa hodari kwa sura. Picha inayoibuka kwenye iPhone unapofungua kikasha cha kuchajia si ushahidi wa chochote, bandia nazo huiibua. Namba ya kifaa unaweza kuikagua kwenye tovuti ya Apple, ila namba halali hunakiliwa na kuchapwa kwenye bidhaa feki, basi usiishie hapo. iPhone yenye mfumo wa iOS 16 au wa baadaye hutoa onyo inaposhindwa kuthibitisha AirPods. Bei nayo inasema: AirPods Pro za kizazi cha pili zilitoka Septemba 2022 zikiuzwa dola 249 Marekani, Bose QuietComfort Ultra Earbuds na Sony WF-1000XM5, zote za 2023, zilianza karibu na dola 300. Mpya kwenye boksi kwa shilingi 40,000 haiwezekani, hata muuzaji aape.

Kuhusu simu, oanisha kifaa na ulicho nacho. AirPods kwenye Android zinacheza, lakini unakosa kile kipimo cha vimpira, na kusasisha programu yake ya ndani kunahitaji kifaa cha Apple. Galaxy Buds2 Pro za Samsung hazina programu ya iPhone. Sony zina LDAC, mfumo wa kusafirisha muziki kwa kilobiti hadi 990 kwa sekunde, ambao iPhone haina, kwa hiyo mwenye iPhone asiulipie. Hata kwenye Android, LDAC hula chaji zaidi na hukatika mahali penye msongamano wa mawimbi, na ndani ya behewa lililojaa simu hatuoni sababu ya kuing'ang'ania.

Chaji ni hesabu ya safari. Kelele ikiwa imezimwa, AirPods Pro za kizazi cha pili na Bose tulizotaja hutoa saa sita, Sony nane. Reli kutoka hapa hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 400, na kwa treni yetu hakuna hata moja itakayofika bila kurudishwa kikashani. Kwa bahati nzuri dakika tano kikashani huipa AirPods kama saa moja. Betri hizi hufifia kwa miaka, na kuzibadilisha ni kazi ngumu kwa sababu vifuniko vimefungwa kwa gundi. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika aisikilize hadi iishe chaji kwanza, pande zote mbili. Upande mmoja kuisha mapema sana ni dalili ya betri iliyochoka.

Vumbi la kiangazi ni suala letu hapa. Alama ya IPX4 ina maana kifaa kimepimwa kwa maji ya kurushiwa. Ile X inaonyesha hakikupewa daraja la vumbi. IP54 ya AirPods Pro zenye USB-C ina kinga ya vumbi pia. Upepo wa ziwani ni adui mwingine: ukipiga maikrofoni za nje, kifaa kinausoma kama kelele na kutoa mvumo wake. Anayefanya kazi ufukweni atume ujumbe wa sauti akiwa nje penye upepo kabla ya kulipa, aone kama maneno yake yanaeleweka.

Upande mmoja ukififia, karibu kila mara ni nta imeziba wavu. Elekeza wavu chini, piga kwa brashi laini kavu ili uchafu udondoke. Usichome kwa pini, usimwagie spiriti. Vimpira vya silikoni vivue, uvioshe kwa maji, vikauke kabisa ndipo uvirudishe.

Faida kubwa ya kuzima kelele ni kusikiliza kwa sauti ndogo. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo. Kwenye 90 zinabaki saa nne tu. Barabarani washa hali ya kupitisha sauti za nje, na juu ya bodaboda zivue kabisa.

Kwa wenye maduka, tunaomba mambo mawili. Wekeni seti moja ya kujaribia kwa kila aina, yenye vimpira vya akiba vinavyooshwa kila baada ya mteja. Na kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, andikeni aina kamili na namba ya kifaa. Risiti iliyoandikwa "hedifoni 1" haimsaidii mteja anayerudi na waranti, na wewe muuzaji haikulindi anapokuletea bandia aliyoinunua kwingine.

Mafundi simu,
Mwanga, Kigoma