Kwa nini mzigo wako wa ndege unakaguliwa mara mbili, na kwa nini gharama hiyo imo kwenye ankara yetu

Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara sisi tunaosafirisha mizigo ya wateja kwa ndege, na hivi karibuni mteja mmoja anayeuza vinyago Mwenge alilitamka kwa uchungu mkubwa hata tukaona ni vyema tulijibu kwa maandishi. Alilipia ukaguzi wa usalama wa mzigo wake hapa Dar es Salaam, kisha akakuta katika ankara gharama nyingine ya ukaguzi uliofanyika mzigo ulipobadilisha ndege njiani kwenda Ujerumani. Aliamini kwamba tumemtoza mara mbili kwa kazi moja. Ukweli ni kwamba kazi zilikuwa mbili, zilifanywa na watu wawili tofauti chini ya mamlaka za nchi mbili, na gharama ya pili tuliilipa sisi kwanza ndipo tukamdai yeye bila kuongeza hata senti.

Kanuni za msingi zimo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kilichopitishwa mwaka 1974 na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga. Kwenye karatasi, nchi zote 193 wanachama zina kanuni zilezile. Lakini ICAO haimweki mkaguzi wake kwenye ghala la mizigo. Ni kila nchi inayopaswa kutunga sheria yake, kuteua mamlaka ya kuisimamia (kwetu ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), kuandika mpango wa taifa wa usalama wa anga, kuwafundisha wanaokagua mizigo, na kisha kuwa na watu wengine wa kuwakagua hao wanaokagua. Kiambatisho hurekebishwa mara kwa mara, na kila rekebisho lazima lipite katika sheria za nchi, lichapishwe katika Gazeti la Serikali, liingizwe kwenye mafunzo, ndipo lifike kwa kijana aliyekaa mbele ya skrini ya eksirei.

Tunaofanya kazi hii tunaona jinsi wajibu huo unavyozielemea mamlaka za nchi nyingi za kanda yetu. Mkaguzi mzuri hafundishwi kwa wiki mbili. Akishaiva na kupata cheti, viwanja vya ndege vya Ghuba vinamwita kwa mshahara ambao serikali zetu haziwezi kuufikia, na mamlaka inaanza upya na mwanafunzi mwingine. Mashine za eksirei nazo ni ghali kuzinunua na ni ghali zaidi kuzitunza: kipuri kikiharibika huagizwa kutoka nje, na katika kipindi chote hicho foleni nzima huhamia kwenye mashine iliyobaki. Wapo wateja wanaotuambia kwamba wamewaona wakaguzi “wamekaa tu” wakati mizigo imerundikana. Mtu anayesoma picha za eksirei kwa kawaida haruhusiwi kukaa mbele ya skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo, kwa sababu jicho lililochoka hupitisha kitu ambacho lisingekipitisha asubuhi. Kwa hiyo kituo kinachofuata kanuni kinahitaji watu wengi kuliko mashine, na hao watu ndio hasa wanaokosekana.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wa pili. Mwezi Oktoba 2010 vifurushi viwili vilivyotumwa kutoka Sana'a, Yemen, kwenda Chicago vilikutwa na vilipuzi vilivyofichwa ndani ya mashine za kuchapishia. Kimoja kilikamatwa Dubai na kingine katika uwanja wa East Midlands, Uingereza, ambako polisi walikipekua mara ya kwanza wasione kitu. Vifurushi hivyo vilikuwa vimeshapita viwanja kadhaa, na vilijulikana kwa sababu ya taarifa za kiintelijensia kutoka Saudi Arabia. Baada ya hapo Umoja wa Ulaya uliacha kutegemea neno la nchi mzigo unakotoka. Shirika la ndege linalopeleka mizigo Ulaya sharti lithibitishwe kwa kila kiwanja linachopakilia, na mthibitishaji hufika mwenyewe kukagua kituo. Mzigo wako ukianzia mahali ambapo shirika la ndege na kituo havijathibitishwa hivyo, utakaguliwa upya unapobadilisha ndege hata kama ulikaguliwa vizuri hapa. Tangu katikati ya mwaka 2021 ICAO nayo inataka mizigo yote ya kimataifa ikaguliwe au itoke kwa mtumaji aliyethibitishwa, ikiwemo ile inayosafiri kwa ndege zisizobeba abiria. Nchi zikikubali kutambua ukaguzi wa wenzake, gharama ya pili itaondoka, nasi tutafurahi kuliko mtu yeyote, lakini makubaliano ya namna hiyo yanahitaji kila upande uweze kuthibitisha kazi ya wakaguzi wake mwaka hadi mwaka.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na njia za mkato. Mwenye vinyago tuliyemtaja aliyafunga makreti nyumbani kwake: misumari kila upande, kisha nailoni, kisha mikanda ya chuma. Alitaka kuokoa ada yetu ya kufungasha. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba huzama majini, na vinyago vikipangwa viwili au vitatu kwa unene, eksirei huonyesha giza tupu. Mkaguzi haruhusiwi kupitisha giza. Makreti yalivunjwa, vinyago vikatolewa kimoja kimoja, makreti mapya yakatafutwa usiku, na nafasi ya ndege ikapotea. Sisi hupanga mpingo kwa safu moja, tunaacha upande mmoja wa kreti wazi hadi ukaguzi umalizike, ndipo tunafunga na kuweka lakiri mbele ya mkaguzi. Ada yetu ya kufungasha ni ya kazi hiyo.

Njia nyingine ya mkato ni ile ya “nina mtu wangu pale uwanjani.” Tunawaomba wateja wetu wasituambie maneno hayo kabisa. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ililipuliwa muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato, na picha za kamera zilionyesha wafanyakazi wa uwanjani wakimkabidhi abiria kompyuta hiyo baada ya sehemu ya ukaguzi. Rubani alifanikiwa kurudisha ndege, na aliyekufa ni yule mlipuaji. Mamlaka yoyote inaweza kununua mashine, ila mfanyakazi wa ndani anayefanya hisani ni tatizo ambalo mashine hailioni. Hatupitishi mzigo kwa hisani, hata wa parachichi.

Kuhusu betri tuseme kwa ufupi. Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake, pawabenki zikiwemo, haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria. Kuziandika “nguo” kwenye hati ya mzigo hakuzifichi, kwa kuwa kwenye skrini nguo huonekana rangi ya chungwa na chuma huonekana bluu. Mteja mmoja alifanya hivyo na boksi moja la pawabenki likazuia shehena nzima aliyochangia na wenzake wanne, ambao hawakuwa na kosa lolote.

Kwa safari zijazo, leteni mzigo ofisini kwetu, Barabara ya Nyerere, saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupokelewa ghalani, ukiwa haujafungwa, pamoja na orodha ya kweli ya kilichomo. Kabla hujalipa tutakuambia kama njia uliyoichagua ina ukaguzi wa pili, na ukitaka tutakutafutia shirika la ndege lililothibitishwa kupakia kutoka hapa, ingawa nauli yake kwa kilo inaweza kuwa juu kidogo. Risiti ya ukaguzi wa nje tutaiambatisha kwenye ankara kama tulivyopewa.