Mimba ya kupandikiza haiishii kwenye kipimo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi wa ukunga, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa wodi ya wazazi haimwachii mtu nafasi ya kubishana na magazeti. Sasa nimestaafu na nafasi ninayo. Taarifa yenu ya ukurasa wa afya kuhusu wanandoa waliojaliwa mtoto kwa njia ya upandikizaji ilieleza sindano, gharama na maombi, ikafika kwenye kipimo kilichoonyesha kwamba mimba imeshika, kisha ikatuhakikishia kuwa kuanzia hapo mimba hiyo haina tofauti na nyingine yoyote. Nani aliyemwambia mwandishi wenu maneno hayo?

Tofauti ipo, na makao yake ni kondo la nyuma. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara na kuanza kukua, kinachorudishwa tumboni siku ya tano huwa kimekwisha kugawana kazi: chembe za ndani zitakuwa mtoto, na za nje, ambazo ndizo zitakazojichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, zitakuwa kondo. Tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, azaliwe Oldham, Uingereza, mwaka 1978, watafiti wamepata muda wa kutosha wa kuhesabu, na hesabu zao zinaonyesha kwamba katika mimba hizi kondo hujishikiza chini, karibu na mlango wa kizazi, mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Vilevile kiinitete kilichogandishwa kinaporudishwa kwa mama aliyeandaliwa kwa homoni za dawa, bila yai lake mwenyewe kupevuka, shinikizo la damu la ujauzito huonekana zaidi.

Kitovu nacho, yaani kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, kina mambo yake. Kwa kawaida huingia kwenye nyama ya kondo, lakini katika takriban mimba moja kati ya 100 huishia kwenye utando wa chupa, na mishipa yake husafiri ikiwa uchi mpaka ilifikie kondo; kwa waliopandikizwa hali hii hutokea mara nyingi zaidi. Mishipa hiyo ikipita juu ya mlango wa kizazi, chupa ikipasuka nayo inaweza kuchanika, na damu inayomwagika ni ya mtoto, ambaye akiwa na kilo 3 ana takriban robo lita tu mwilini. Kwa wajawazito wote hatari hii hukadiriwa kuwa moja kati ya 2,500. Kwa waliopandikizwa ni moja kati ya mia chache.

Nasema haya kwa sababu ya binti wa marehemu dada yangu, ambaye alipata mimba kwa njia hiyo baada ya kuvumilia maneno ya ukweni kwa miaka mingi. Alipotimiza wiki 20 alikwenda kupimwa altrasaundi katika hospitali moja binafsi ambayo sitaitaja, akarudi na ripoti iliyopigwa chapa vizuri pamoja na picha ya sura ya mtoto iliyotiwa kwenye fremu ya karatasi yenye maua. Ripoti ilitaja kichwa, paja, moyo, maji ya uzazi, na kwamba kondo lilikuwa chini kidogo lakini halijafunika njia. Kuhusu mahali kitovu kilipoingilia, hakuna neno. Nilikwenda kumuuliza mpimaji mwenyewe, naye akanijibu bila kuinua macho, "Mama, hicho hakimo kwenye fomu." Wala kadi ya kliniki haikuonyesha kwamba mimba ilipandikizwa, kwa kuwa waliompandikiza walimuaga kwa barua ya ukurasa mmoja, na mumewe akaificha barua hiyo asije mama yake akaiona. Nikampeleka kwa daktari mwingine, tukalipa upya. Yeye akapima kwa njia ya uke, akawasha rangi zinazoonyesha damu inavyopita, na mishipa ikaonekana imekatiza juu ya mlango wa kizazi. Binti akalazwa, akafanyiwa upasuaji katika wiki ya 35 kabla uchungu haujaanza, na mtoto yu hai. Nilipoomba nioneshwe kondo, lilikuwa limekwisha kutupwa kwenye ndoo bila kukaguliwa. Nikavaa glavu na kulitoa mwenyewe. Kitovu kilikomea kwenye utando, kiganja kizima kutoka ukingoni mwa kondo, na mishipa imetawanyika kama mizizi ya mikoko. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliokusanya mimba 155 za namna hii, ulionyesha kwamba hali ilipogunduliwa mapema waliishi watoto 97 kati ya kila 100, na isipogunduliwa waliishi 44. Sisi tulipewa fremu yenye maua!

Na hizo picha za sura, Mhariri, ziandikieni siku moja. Siku hizi watu wanalipia kujua jinsia na kuona pua imefanana na ya nani, na mpimaji hutumia muda mrefu akiitafuta pua kuliko anavyokitafuta kitovu.

Kwa kuwa kubadilisha fomu kunahitaji vikao, na vikao vinahitaji posho, napendekeza muhuri wa mpira wenye wino mwekundu na maneno haya: "IMEPANDIKIZWA? KITOVU KIMEINGIA WAPI?" Ugongwe kwenye kila ripoti ya wiki 20. Fundi mihuri wa karibu na stendi yetu anaweza kuichonga, na ya kliniki za hapa mjini nitailipia mimi kwa kiinua mgongo changu. Wa kwako nitauleta bure, mwandishi wa ukurasa wa afya augonge kwenye rasimu yake kabla haijakwenda mtamboni.

Mkunga mstaafu,
Chumbageni, Tanga