Usisaini bado, kaanzie nje

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, natumaini hujambo na walio nyumbani hawajambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ile ripoti ya mkaguzi wa nyumba unayotaka kununua, uliyoniambatanishia, imenirudisha mbali. Kwamba kipimo kimeonyesha unyevu mwingi chini ya kuta za sebule na chumba cha nyuma, na mtaalamu wa unyevu aitwe. Maneno mawili matatu tu, na wewe usingizi umeshakuruka. Unauliza uiache nyumba au umlipe mtaalamu aje atoboe kuta. Mimi nasema yote mawili bado.

Sidhani nimewahi kukusimulia kisa changu chote, maana nilikuwa naona haya. Nyumba hii ninayoishi nayo iliandikiwa maneno hayohayo. Nikaita watu waliojitangaza kuwa wanapima bure. Wakaja na kile kidude chenye sindano mbili, wakakichomeka ukutani, kikalia, taa nyekundu ikawaka. Kabla sijauliza swali la pili nimeshawekewa mkononi karatasi ya gharama: kutoboa matundu kuta zote za chini, kuingiza dawa, kubandua lipu mpaka usawa wa kifua na kupiga mpya. Nikalipa. Mvua za msimu uliofuata ziliponyesha, doa likarudi palepale, chini ya dirisha la sebule, limeota unga mweupe wa chumvi kama ndevu za mzee.

Aliyenifumbua macho ni fundi mwashi niliyemwita kwa kazi nyingine kabisa, kurekebisha ngazi. Ukuta wa ndani hata hakuugusa. Alizunguka nje, akachuchumaa kwenye bustani yangu ya maua, ile niliyokuwa naringa nayo, akaanza kuchokoa udongo kwa kijiti. Akachokoa weee, mpaka kikatokea kistari cheusi kati ya tofali na tofali. "Huu ndio ulikuwa ukulinde," akasema, "na wewe umeuzika." Kumbe wakati wa kujenga hulazwa utando wa lami au plastiki juu ya msingi ili ukate maji yanayopanda kutoka ardhini, na udongo wa nje unatakiwa uwe chini yake kwa kama milimita 150. Wangu ulikuwa umefukiwa na bustani. Maji hayakuwa na haja ya kupita kwenye utando; yaliuruka tu, yakaingia ukutani kwa juu yake. Tiba ilikuwa siku mbili za jembe na toroli. Zile fedha za dawa sizitaji hapa, nitajitonesha bure.

Ndiyo maana nakwambia, hiyo ripoti imekutajia homa, haijakutajia ugonjwa.

Na hicho kidude usikiamini kupita kiasi. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya zile sindano, na vipimo vyake vimepangwa kwa ajili ya mbao. Kwenye mbao namba ina maana: ikivuka asilimia 20, anza kuhofia kuoza. Kwenye tofali na lipu ni ya kulinganisha tu, hapa kumelowa kuliko pale. Isitoshe, chumvi iliyobaki ukutani nayo hupitisha umeme, kwa hiyo kinaweza kulia kwa nguvu kwenye ukuta ambao maji yake yalikatika zamani. Muulize mkaguzi wako alipopima usawa wa kichwa kilisema nini. Kama hakupima, basi hajakuambia kitu.

Wewe tumia macho. Maji yanayopanda kutoka ardhini hushika ukanda wa chini, mara nyingi hayafiki mbali zaidi ya mita moja, na pale yanapoishia huacha mstari wa chumvi. Doa likiwa katikati ya ukuta au juu, inua macho: mfereji wa paa umeziba, bomba la kushusha maji ya mvua limepasuka nyuma ambako hakuna anayeangalia, au lipu ya nje ina ufa. Ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya makabati kwa kawaida ni mvuke wa watu wenyewe, wa kuoga, kupika na kuanika nguo ndani na madirisha yamefungwa. Huo hauhitaji dawa ya ukutani, unahitaji hewa. Halafu omba mabomba yote yafungwe, uiangalie mita ya maji kwa saa nzima. Ikitembea, kuna bomba linavuja mahali.

Mwenye nyumba akikubali, bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote uzibe kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Majimaji yakiwa upande wa chumbani, yametoka hewani. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Na ukikuta rangi mpya kabisa, lakini kwenye nusu ya chini tu ya ukuta... haya, wewe si mtoto.

Mtu wa pili wa kupima mtafute, ila awe hauzi dawa wala hapigi lipu. Mlipe kwa macho yake tu. Anayepima bure lazima arudishe gharama yake mahali, na mahali penyewe ni mfukoni mwako. Muuzaji naye ajibu kwa maandishi: unyevu huu umewahi kushughulikiwa, lini, na kama kuna dhamana, je, inahamia kwa mnunuzi? Chanzo kikijulikana, ndipo uchukue makadirio ya mafundi na kurudi mezani kupunguziwa bei. Akisema atatengeneza mwenyewe, mimi ningekataa. Mtu anayehama hutengeneza kwa macho ya siku ya kukabidhi funguo.

Nyumba ya kuikimbia ipo. Kama mbao za sakafu zinabonyea ukikanyaga, kama maji yanatoka upande wa jirani ambako huna ruhusa ya kuchimba, au kama muuzaji hataki kabisa ukaguzi wa pili, funga safari urudi nyumbani.

Ukinunua, usikimbilie rangi. Ili ukuta ukauke, mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani ukuta wa milimita 225 unaweza kukutaka miezi tisa, na hiyo inahesabiwa baada ya maji kukatwa. Mimi nilipaka baada ya wiki tatu, tena ile rangi ya plastiki inayong'aa. Ikavimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji.

Umesema unarudi kuiona Jumamosi. Vaa viatu vya matope na usiingie ndani kwanza. Nenda nyuma, simama chini ya dirisha la sebule, kisha nipigie uniambie udongo umefika tofali la ngapi.

Wako wa siku zote.