Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Tuagize mseto, dawa ya malaria, kwa kutazama mvua

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Magu. Mimi ni muuguzi mstaafu, umri wangu wa kazi umeishia katika zahanati za kando ya ziwa. Nakuandikia kabla ya Vuli kwa makusudi. Barua ya namna hii ikifika Januari inakuwa ya kulaumiana tu.

Kuna msimu mmoja sijausahau. Mvua zilinyesha vizuri, majaruba ya mpunga yakajaa, watu wakafurahi. Sisi zahanati tulikuwa tumeshapeleka oda ya dawa, na oda ile, kama unavyojua, hukadiriwa kwa matumizi ya miezi iliyopita. Miezi iliyopita ilikuwa ya kiangazi, wagonjwa wachache. Tukaletewa dawa za kiangazi katikati ya masika ya mbu. Vipimo vikaisha kwanza, mseto wa watoto ukafuata. Asubuhi moja akaja mama na mtoto mwenye degedege mgongoni, ametembea tangu alfajiri, nikamwandikia rufaa kwenye karatasi kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu. Wapo ambao hawakupona.

Kinachoniuma ni kwamba malaria ile haikutuvamia. Ilituma taarifa. Mvua ikinyesha, mbu huhitaji kama siku kumi kutoka yai hadi aruke. Akishamuuma mgonjwa, vimelea vya malaria hukomaa ndani ya mbu huyo kwa siku kama kumi na mbili joto likiwa nyuzi 25, na kukiwa na baridi huchelewa zaidi. Chini ya nyuzi 16 havikomai kabisa. Kisha mtu aliyeumwa na mbu huyo hukaa wiki moja hadi mbili ndipo homa ipande. Jumlisha: ni kama mwezi mmoja au zaidi tangu mvua ya kwanza hadi foleni kujaa. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutuongezea muda mwingine juu ya huo. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi, maneno "wastani hadi juu ya wastani" niliyasikia redioni kama mkulima. Hayakuwahi kufika mezani kwangu yakiwa na maelekezo: ongeza vipimo kiasi hiki.

Hili si jambo la kubuni. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, watafiti akiwamo Andrew Githeko walitumia joto na mvua kutabiri milipuko ya malaria katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, baada ya maafa yaliyofuata El Niño ya 1997/98. Botswana nao walionyesha kuwa utabiri wa mvua za msimu unaweza kutoa tahadhari miezi kadhaa kabla.

Najua nitaambiwa milipuko ni ya milimani, ambako watu hawana kinga, na kwamba huku kwetu malaria ipo mwaka mzima. Nakubali nusu. Vyandarua na mseto vimefanya kazi kubwa. Kwa taifa zima maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi 8 mwaka 2022. Ila mtoto ambaye hajaumwa mara nyingi hana kinga aliyokuwa nayo kaka yake. Msimu mbaya ukija, unamkuta mtupu. Na wavuvi wa dagaa, wanaokesha na karabai na kuhama mwalo hadi mwalo (vituo vya kushushia samaki), chandarua kilichotundikwa nyumbani hakiwasaidii wakiwa majini.

Ninachoomba ni kidogo. Utabiri wa Vuli ukitoka, ofisi yako ikae na watu wa hali ya hewa na wa bohari ya dawa, kisha kila zahanati ipewe ruhusa ya kuongeza oda kabla ya mvua, hasa zile za majaruba na mialoni. Na kila zahanati iwe na grafu ya wagonjwa wa malaria wa kila wiki ukutani. Takwimu zetu huenda juu wilayani, zahanati inabaki gizani. Kuweka mpaka wa hatari hakuhitaji kompyuta: chukua idadi za wiki hiyo hiyo kwa miaka mitano, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, ya nne ndiyo mpaka. Idadi ya wiki hii ikiuvuka, piga simu wilayani siku hiyo hiyo, usingoje ripoti ya mwezi.

Daftari za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) zenye namba hizo zipo kabatini. Nikipewa ruhusa nitazunguka zahanati za Magu mwenyewe, bila posho, nikae na wauguzi tuchore. Kila zahanati ni kazi ya siku moja, na Oktoba bado haijafika.

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Magu