Somo yangu, keti na Mama umrekodi

Somo yangu mpenzi,

Hujambo na wote hapo nyumbani? Mama mfikishie shikamoo yangu akiwa ameshakula, maana ukimwambia kabla atakuuliza mbona sijaja mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Yule wa mwisho kifua kimemwachia, alhamdulillahi, na shemeji yako bado yuko Mtwara kwenye ile kazi yao isiyokwisha. Kimya kimekuwa kirefu mno, tangu arobaini ya Mjomba.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukuomba jambo moja, na tafadhali usiniambie "tutaona".

Juzi vijana hapa ndani walikuwa wanabishana redio ipi nchini ndiyo kongwe. Mmoja akataja mojawapo ya hizi zilizozaliwa miaka ya 1990. Somo, nilizima televisheni! Nikawakalisha chini. Nikawaambia mitambo iliwashwa tarehe 1 Julai 1951, redio ndogo ya mji isiyosikika mbali, ndiyo maana ikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika nzima, 1965 ikawa ile tuliyokua nayo sisi, Radio Tanzania Dar es Salaam, na leo ndiyo TBC Taifa. Kufikia 2026 ni miaka 75. Redio iliyowapa wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na Namibia nafasi ya kusema na watu wao huko makwao, leo mtoto wa hapa hapa haijui?

Nikaanza kuwahadithia, na hapo ndipo nilipoikumbuka redio ya Babu yenu pale kabatini, imevikwa kitambaa cha kufuma, na ole wako uguse kile kitufe cha kutafutia stesheni. Betri zikianza kuchoka anazitoa, anazianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zinamfikisha mwisho wa taarifa ya habari na mazungumzo baada ya habari. Sisi tulikuwa tunaomba Mungu betri zibaki na uhai wa kipindi cha watoto cha Mama na Mwana. Sauti ya Debora Mwenda bado naisikia. Na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, unakumbuka Babu alivyokuwa anacheka mpaka anafuta machozi?

Halafu yale matangazo ya vifo. Nyumba nzima kimya, hata kijiko hakigongi sahani. "Habari ziwafikie" fulani wa Handeni, fulani wa Lushoto. Msiba wa Bibi wa Mombo tuliupata hivyo hivyo, kwa redio, kabla ya mtu wala barua. Wanangu wananitazama tu, wanasema si mngepigiwa simu. Simu gani, jamani?

Muziki ndio usiseme. Bendi zilikuwa zinaingia studio za redio yenyewe, zinarekodiwa, kanda zinabaki maktaba. Hapo Tanga kwenu kuna Atomic na Jamhuri Jazz, kuna taarabu ya Black Star na Lucky Star, na mtu wa Sumbawanga akawajua bila kuiona Tanga maishani mwake. Zile kanda zikipotea, hakuna pa kuzipata tena. Naomba sana wanaozitunza wazitunze hasa.

Lakini hayo, somo, yana wasimulizi. Watangazaji wa zamani wanahojiwa, nyimbo zinapigwa kila Jumapili. Kinachoniuma mimi ni upande wetu wa spika, sisi tuliokuwa tunasikiliza. Nani ameandika habari zetu?

Ndiyo nikaikumbuka ile hadithi Mama aliyoitoa usiku wa matanga, tulipokuwa tunachambua mchele. Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni! Mwaka 1973, wiki 12, nchi nzima watu kama milioni 2 wamekaa vikundi vikundi kuzunguka redio. Mama alikuwa katibu wa kikundi. Alisema walikutana chini ya mwembe kwa balozi wa nyumba kumi, wanasikiliza kipindi, kikiisha kiongozi anafungua kile kitabu cha kampeni anasoma, kisha wanajadiliana: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Na hawakuondoka na maneno matupu. Wanakubaliana kabisa: wiki hii tunafyeka nyasi, wiki hii kila nyumba choo. Akasema kuna mzee aligoma kuchimba, wakamwendea kikundi kizima na majembe wakamchimbia wao, naye akatoka na jembe lake kwa aibu. Sote tukacheka, kisha shangazi akaita chai, na hadithi ikakatika hapo hapo.

Tangu juzi haijanitoka kichwani. Leo tunasema redio ni ya kupitisha muda. Wakati ule ilisema jambo jioni na kesho yake kijiji kizima kimeshika jembe. Mimi sijui sherehe gani ya miaka 75 itakuwa kubwa kuliko kumsikia Mama akieleza jambo hilo kwa kinywa chake, kwa ile sauti yake ya kukatiza watu.

Basi ombi langu ndilo hilo. Keti naye, asubuhi akiwa hajachoka, umrekodi kwa simu yako, ile iliyorekodi harusi vizuri. Usimharakishe, na akiingia kwenye habari za kilimo mwache aingie, atarudi. Na usimruhusu kaka yako mkubwa akae karibu, maana atamjibia.

Zile kanda za kaseti za Babu nazo, nasikia fundi anataka kuzichukua zote afute arekodie kaswida. Mwambie asubiri kwanza, nitatuma mtu.

Sasa nijibu. Ile redio kwani ni nani aliinunua, ya balozi au ya kikundi? Betri walichangishana? Wanawake walikuwa wanasema kwenye mjadala, au walikaa nyuma? Lile daftari lake la ukatibu lipo, au liliondoka na mafuriko? Kile kitabu je? Na wenzake wa kikundi wamebaki wangapi, yule bibi wa ng'ambo ya reli yumo? Yule mzee wa choo ni babu wa nani, maana Mama alimtazama shangazi aliposema! Na wewe mgongo umepona, au bado unabeba ndoo mwenyewe?

Andika upesi, au nipigie jioni baada ya saa mbili.

Wasalaam,
Somo yako